Kusaidia watu ni kazi, na kazi inalipwa
Maneno yaliyosomwa mbele ya vijana wa Butembo

Wandugu raia, vijana wenzetu wa Butembo, Beni, Oicha na Lubero,



Leo tunataka tuzungumze juu ya makuta. Wengi wetu hapa tulisomea kazi ya kusaidia watu: saikolojia, sosiolojia, maendeleo. Tulifundishwa kusikiliza mama aliyebakwa, kupokea mutoto aliyetoka katika vikundi vya silaha, kutafuta jamaa ya yatima. Hakuna aliyetufundisha kuuliza: kazi hii inalipwa ngapi? Na siku tukiuliza, tunajibiwa: "Nyinyi vijana munapenda sana makuta. Hii ni kazi ya moyo."

Moyo tuko nao. Lakini mwisho wa mwezi mwenye nyumba haombi moyo, anaomba makuta ya nyumba.

Tufanye hesabu pamoja. Kuko mushahara wa chini kabisa unaoruhusiwa na sheria, ule tunaita SMIG. Mwaka 2018 serkali iliuweka franka 7.075 kwa siku. Mwaka 2025 iliamua kuupandisha mpaka 14.500, na kuanzia Januari 2026 mpaka 21.500. Uzidishe 21.500 mara siku 26 za kazi: inafika franka 559.000 kwa mwezi. Na hiyo ni ya mutu wa kazi ya mikono, asiyesomea ufundi wowote. Mwenye diplomi anapaswa kuwa juu yake. Sasa kila mumoja aangalie ile prime anayopewa, ajiulize: inafika pale?

Watasema: "Lakini wewe ni volonteri." Njo pale mutego ulipo. Volonteri hana mushahara, hana CNSS, hana likizo. Lakini huyu volonteri wetu ana saa ya kufika, ana shefu, ana ripoti ya kutuma kila juma, na akikosa siku moja wanamukata. Huyo si volonteri. Ni mutumishi waliyebadilisha jina paka juu ya kumulipa kidogo.

Sisi watu wa hapa tuliyaona wakati wa Ebola. Ugonjwa ulitangazwa tarehe 1 Agosti 2018, ukatangazwa kwisha tarehe 25 Juni 2020, na watu zaidi ya 2.200 walikufa. Vijana walipita nyumba kwa nyumba, walitukanwa, walitupiwa mawe. Proje zilipofungwa, kazi zao zilifungwa pia. Lakini mayatima walibaki, na wajane walibaki. Makuta ilifuata ugonjwa, haikufuata watu.

Na kuko jambo lingine ambalo hatutalinyamazia. Septemba 2021, tume huru iliyoundwa na OMS ilitoa ripoti: wanawake na wasichana walieleza namna waliombwa ngono ili wapate kazi katika ile vita ya Ebola, ao ili wasifukuzwe. Wandugu, kazi ikiwa adimu na bei yake ikiwa siri, mwenye kuigawa anakuwa mufalme. Ule ni mwanzo wa ngono kwa kazi. Ule pia ni mwanzo wa "operesheni retur", pale shefu anakuomba umurudishie sehemu ya mushahara wako kila mwezi, na wewe unanyamaza sababu kuko wengine mia moja nyuma ya mulango.

Serkali nayo isijifiche nyuma ya maONG. Sheria ya tarehe 10 Januari 2009 juu ya ulinzi wa mutoto inamupa asistanti sosiali kazi kubwa mbele ya tribinali ya watoto. Katiba, kifungu cha 36, inasema Serkali inahakikisha mushahara wa haki, wa kumuwezesha mutumishi na jamaa yake kuishi kwa heshima. Lakini katika ofisi za serkali kuko watumishi wanaofanya miaka bila matrikile, na wenye matrikile bila mushahara. Halafu mwaka 2025 Marekani ilipokata misaada, proje zilifungwa mara moja. Kama mwenye kumulinda mutoto wa Lubero analipwa paka kwa sahihi inayotiwa Washington, mutoto yule hana ulinzi.

Ndiyo maana tunaomba haya:

1. Kila tangazo la kazi liandike mushahara wazi, kwa franka ao kwa dola.

2. Mwenye kufanya kazi kama mutumishi apewe kontra ya maandishi na aandikishwe CNSS.

3. Serkali iweke mishahara ya maasistanti sosiali katika bajeti yake, na iwape matrikile wale wanaongojea.

4. Inspeksio ya kazi itembelee maofisi ya maONG sawa vile inatembelea makampuni.

Na sisi wenyewe? Tuanze na daftari. Andika kila siku uliyofanya kazi. Kodi ya kazi ya 2002 inasema: mutu anayelipwa kwa siku, akisha kufanya siku 22 ndani ya miezi mbili, wakimuchukua tena mbele ya miezi hiyo kuisha, kontra yake inahesabiwa kuwa ya muda usio na mwisho. Wengi hawajui, na wanaojua hawana ushuhuda. Daftari njo ushuhuda. Kontra usiitie sahihi bila kuisoma, na ubaki na kopi. Tuambiane mishahara yetu bila haya, sababu siri hiyo inamufaa paka yule anayetulipa vibaya. Na mwenzetu akiombwa mwili wake ao rudisho, asiende kulalamika peke yake. Tumusindikize.

Mama anayeanza kusimulia mambo yaliyomupata anahitaji kumukuta mutu yule yule juma linalofuata. Tukiomba mushahara wa haki, tunaomba na kwa ajili yake.