Tabo Isivunje Injini: Tuchague Mgandamizo kwa Hesabu



Jioni hii vijana wa gereji wametuomba tuzungumze juu ya kufunga tabo kwenye injini ya petroli. Tumekubali kwa furaha, maana kazi hii inahitaji ile hesabu ya kugawanya tuliyojifunza darasani.

Tabo huzungushwa na moshi wa ekzosi. Ikizunguka, husukuma hewa nyingi ndani ya silinda. Hewa ikizidi, petroli nayo huongezwa, na nguvu hupanda. Hapo ndipo tamaa inapoanza.

Sasa tufanye hesabu. Pistoni ikiwa chini kabisa, tuseme silinda ina nafasi ya sentimita za ujazo 500. Ikipanda juu kabisa, inabaki nafasi ya 50. Gawanya 500 kwa 50, unapata 10. Basi mgandamizo ni 10 kwa 1. Fundi akiweka pistoni yenye bonde, nafasi ya juu ikawa 60, basi ya chini itakuwa 510. Gawanya tena. Ni 8.5 kwa 1.

Kwa nini tupunguze? Kila aliyejaza upepo baiskeli anajua kuwa pampu hupata moto. Hewa ikibanwa, huchemka. Tabo imekwisha kuibana mara moja, na pistoni inaibana tena. Joto likizidi, petroli iliyobaki pembeni hulipuka yenyewe kabla moto wa plagi haujaifikia. Hapo utasikia injini inagonga. Ikiachwa igonge, pistoni hutoboka na ringi huvunjika. Kijana mmoja tunayemfahamu aliuza ng'ombe wawili anunue tabo, akaifunga bila kugusa mgandamizo. Leo hana ng'ombe, hana injini.

Tutazame mfano wa Marekani. Mwaka 1962 kampuni ya General Motors ilitoa magari mawili yenye tabo. Chevrolet Corvair Monza Spyder lilipewa mgandamizo wa 8 kwa 1. Oldsmobile Jetfire lilibaki na mgandamizo mkubwa, 10.25 kwa 1. Ili lisigonge, lilinyunyiziwa mchanganyiko wa maji na methanoli kutoka tangi dogo. Wenye magari wengi walisahau kujaza tangi hilo. Likikauka, kifaa cha usalama kilipunguza kazi ya tabo, na nguvu ikapotea. Mwishowe magari mengi yaliondolewa tabo, yakafungwa kabureta ya kawaida. Jetfire lilikoma mwaka 1963, lakini Corvair ya tabo iliendelea mpaka 1966.

Tunajifunza nini? Tusijenge injini inayokufa siku mtu anaposahau. Chagua mgandamizo kwa kufuata petroli utakayoipata kweli, siyo ile unayoitamani. Petroli yenye oktani kubwa huvumilia joto zaidi. Petroli ya chupa kando ya barabara huenda imechanganywa na mafuta ya taa, na hayo huleta kugonga haraka.

Kwa injini ya kawaida ya barabarani, na msukumo mdogo wa tabo, kati ya 8 na 9 kwa 1 ni mahali pazuri pa kuanzia. Usishuke mno, maana injini itakuwa nzito na itakula mafuta kabla tabo haijashika kasi. Magari mapya ya tabo hufikia 10 na zaidi, lakini yana kompyuta inayosikiliza mgongo na kuchelewesha cheche, na mengi hunyunyiza petroli moja kwa moja ndani ya silinda. Usiyaige kama huna vifaa hivyo.

Pia usipunguze mgandamizo kwa kupanga gasketi mbili. Zitavuja. Tumia pistoni zinazofaa.

Basi vijana, kabla ya kushika spana, shikeni kalamu. Pimeni, gawanyeni, andikeni daftarini. Mtaka yote hukosa yote.