Mwenyeji Asiposhinda Kwake

Kwa muda wa siku nane kila mwaka, barabara za Rwanda hufungwa kwa saa kadhaa, magari yakasimamishwa, na watu wa mijini na vijijini wakajipanga kando ya lami. Mkulima huacha jembe shambani, wanafunzi hutolewa madarasani pamoja na walimu wao, na mama mwenye mtoto mgongoni hupanda kichugu ili apate kuona vizuri. Hakuna anayelipa kiingilio. Kinachongojwa ni msafara wa waendesha baiskeli, ambao ukisha kufika hupita kwa dakika moja au mbili, kwa mlio wa minyororo na mvumo wa magurudumu, kisha ukapotea nyuma ya kilima.

Mashindano hayo, yanayojulikana kwa jina la Tour du Rwanda, yalianza mwaka 1988. Vita vilivyozuka mwaka 1990, na mauaji ya kimbari ya mwaka 1994, viliyakatiza, kama vilivyokatiza mambo mengi mengine katika nchi ile. Baadaye yakafufuliwa, na mwaka 2009 yakaingizwa katika kalenda ya Chama cha Kimataifa cha Mchezo wa Baiskeli, UCI. Mwaka 2019 yakapandishwa daraja. Hatimaye, mwezi Septemba 2025, mji mkuu wa Kigali ulipokea mashindano ya ubingwa wa dunia ya mbio za barabarani, ambayo tangu yalipoanzishwa mwaka 1921 hayakuwa yamepata kufanyika katika bara la Afrika.

Kwa nchi ndogo isiyo na bandari, ambayo miaka 30 tu kabla yake ilikuwa ikizika maiti wake na kujenga upya nyumba zilizobomolewa, hayo si mafanikio madogo. Lakini ndani ya mafanikio hayo limo swali ambalo Wanyarwanda wenyewe hujiuliza kila Februari inapofika. Kuanzia mwaka 2014 hadi 2018, mshindi wa mashindano alikuwa Mnyarwanda kila mwaka bila kukosa. Tangu yalipopandishwa daraja mwaka 2019 hadi mwaka 2025, hakuna Mnyarwanda hata mmoja aliyepata ushindi wa jumla. Wahenga walisema kwamba mcheza kwao hutunzwa. Je, mcheza kwao anapofungua mlango, wageni wakaingia na kuondoka na tuzo, amepata au amepoteza?

Ili kulijibu swali hilo inafaa kwanza kueleza jinsi mbio za aina hii zinavyokwenda. Mbio hizi haziishi kwa siku moja. Hugawanywa katika hatua, kila siku hatua yake, kutoka mji mmoja hadi mwingine. Muda alioutumia kila mshindani hujumlishwa siku hata siku, na yule ambaye jumla ya muda wake ni ndogo kuliko ya wenzake wote huvaa fulana ya manjano. Mtu aweza basi kushinda mashindano yote bila kuwa wa kwanza katika hatua hata moja, mradi asipoteze muda. Aweza vile vile kushinda hatua tatu, kisha akaanguka katika kona siku ya nne, na kazi yake yote ikaishia hapo.

Jambo la pili ni kwamba mshindi hashindi peke yake. Anayekwenda mbele hupasua upepo, na anayekaa nyuma yake huokoa sehemu kubwa ya nguvu zake, pengine hata theluthi. Ndiyo maana kila timu huwa na kiongozi mmoja, na waliobaki huwa watumishi wake. Humkinga upepo, humletea chupa za maji kutoka katika gari la timu, na tairi lake likitoboka humpa gurudumu lao wenyewe, wakabaki nyuma. Kijana hodari asiye na timu imara ni kama nahodha asiye na mabaharia.

Sasa itazamwe nchi yenyewe. Rwanda huitwa nchi ya milima elfu, na mwendesha baiskeli hana haja ya kuambiwa sababu yake. Kigali iko karibu mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, na barabara zake hupanda na kushuka bila kumpa mtu nafasi ya kupumzika. Barabara ya kwenda Rusizi kupitia msitu wa Nyungwe hupita zaidi ya mita 2,000, mahali ambapo hewa ni nyepesi na mvua haina ratiba. Vijana wa huko walizaliwa katika milima hiyo, na wengi waliizoea baiskeli kama chombo cha kazi kabla ya kuijua kama mchezo. Wamesafirisha viazi na maziwa hadi sokoni, na wamebeba abiria kwa malipo.

Kutoka katika maisha hayo walitoka mashujaa. Adrien Niyonshuti, aliyeokoka mauaji ya mwaka 1994 akiwa mtoto, alibeba bendera ya nchi yake katika Michezo ya Olimpiki ya London mwaka 2012, na akashindana katika mbio za baiskeli za milimani. Valens Ndayisenga alishinda Tour du Rwanda mwaka 2014, na akashinda tena mwaka 2016. Katikati yake, mwaka 2015, ushindi ulikwenda kwa Jean Bosco Nsengimana. Mwaka 2017 ikawa zamu ya Joseph Areruya, ambaye mapema mwaka uliofuata alikwenda Gabon na kushinda mashindano makubwa ya huko. Mwaka 2018 mshindi alikuwa Samuel Mugisha. Katika miaka hiyo mitano, mtoto wa Kinyarwanda aliyesimama kando ya barabara alijua kwamba anayevaa fulana ya manjano anazungumza lugha yake.

Kisha ukaja mwaka 2019. Kupandishwa daraja maana yake ni kwamba timu kubwa kabisa za dunia ziliruhusiwa kushiriki, na zikaja. Mshindi wa mwaka huo, Merhawi Kudus, aliendesha katika timu ya Astana, mojawapo ya timu za daraja la juu. Waendeshaji wa timu kama hizo hushindana kwa siku nyingi kila mwaka, aghalabu 60 au zaidi. Wana madaktari, mafundi na wapishi wao, na baiskeli moja tu ya aina wanayotumia hugharimu maelfu ya dola. Kijana wa nyumbani, ambaye kwa mwaka mzima amepata siku chache tu za mashindano ya kweli, hukutana nao katika mlima wake mwenyewe, na huachwa.

Wako wanaotazama hali hiyo wakasema kwamba lilikuwa kosa. Wanasema ingalikuwa afadhali mashindano yabaki madogo na ushindi ubaki nyumbani, kwani umati hauji kuwashangilia wageni. Hoja hiyo haifai kupuuzwa. Mwaka 2022, Moise Mugisha aliposhinda hatua ya mwisho, ushindi wa kwanza wa Mnyarwanda katika hatua yoyote tangu daraja lipandishwe, shangwe ilikuwa kubwa kana kwamba ameshinda mashindano yote. Watu walikuwa na njaa ya mshindi wao.

Hata hivyo, wasemao hivyo wanasahau jambo moja. Merhawi Kudus hakutoka Ulaya. Alitoka Eritrea, nchi ya Kiafrika, maskini, yenye milima kama Rwanda. Mwaka 2020 mshindi alikuwa Mweritrea mwingine, Natnael Tesfatsion, na akashinda tena mwaka 2022. Mwaka 2023 alishinda Henok Mulubrhan, naye wa Eritrea. Ndiyo kusema kwamba katika miaka mitano ya kwanza ya daraja jipya, Waafrika kutoka nchi moja ndogo walishinda mara nne. Kwa hiyo ugumu wa mashindano haukumfungia Mwafrika mlango.

Siri ya Eritrea si dawa wala bahati. Baiskeli ililetwa huko na Wataliani wakati wa ukoloni, lakini wananchi waliichukua na kuifanya yao. Katika mji wa Asmara mbio za baiskeli ni jambo la kawaida kama mpira wa miguu ulivyo katika miji mingine ya Afrika. Vilabu viko, watoto hushindana wao kwa wao, na anayepelekwa nje amekwisha kuwashinda wengi nyumbani. Daniel Teklehaimanot, aliyeshinda Rwanda mwaka 2010, alivaa fulana ya mfalme wa milima katika Tour de France ya mwaka 2015. Mwaka 2024 Biniam Girmay alishinda hatua tatu za mashindano hayo ya Ufaransa, akawa Mwafrika mweusi wa kwanza kushinda hata hatua moja, na akaondoka na fulana ya kijani. Matunda hayo yalitoka katika shina lililopandwa zamani.

Mfano wa pili uko Kenya. Chris Froome, aliyeshinda Tour de France mara nne, alizaliwa Nairobi mwaka 1985, na alipokuwa kijana alifunzwa na David Kinjah, mwendeshaji hodari wa Kikuyu. Alianza kwa kuiwakilisha Kenya, kisha akaenda kuiendeshea Uingereza. Mwaka 2023, jua lake likiwa limekwisha kuteremka, alikuja kushindana Rwanda na kupokewa kwa heshima. Mwalimu mwema alikuwapo Kikuyu, na milima ilikuwapo. Kilichokosekana ni ngazi ya kumpandisha kijana kutoka kijijini hadi ubingwa bila ya kuihama nchi.

Somo la Kigali ni hilo hilo. Katika ubingwa wa dunia wa mwaka 2025, wanaume walikimbia kilomita 267.5, na kati ya washindani zaidi ya 160 walioondoka, ni 30 tu waliomaliza. Mshindi alikuwa Tadej Pogačar wa Slovenia. Kwa upande wa wanawake alishinda Magdeleine Vallieres wa Canada. Ilionekana wazi kwamba milima haina upendeleo. Haimjui mwenyeji wala mgeni, humjua aliyejitayarisha.

Wala mchezo huu haujitengi na mambo ya ujirani. Mashindano ya Februari 2025 yalifanyika wakati waasi wa M23 wamekwisha kuiteka miji ya Goma na Bukavu, ambayo yote miwili iko mpakani mwa Kongo na Rwanda. Serikali ya Kongo na wataalamu wa Umoja wa Mataifa waliituhumu Rwanda kuwaunga mkono waasi hao, tuhuma ambazo serikali ya Rwanda ilizikana. Timu mojawapo ya Ulaya ilijitoa, na Bunge la Ulaya likataka Kigali inyang'anywe ubingwa wa dunia iwapo Rwanda haitabadili msimamo. UCI haikukubali, na mashindano yakafanyika. Lakini watu wa mpakani walijua kwamba barabara moja haiwezi kuwa ya furaha upande mmoja na ya wakimbizi upande wa pili, mambo yakawa shwari. Fulana ya manjano haifuniki machozi ya jirani. Sifa ya nchi hukamilika pale amani inapovuka mpaka pamoja na mchezo.

Je, basi, Rwanda imepata au imepoteza? Jibu limo katika msemo mwingine wa wahenga: mgeni njoo, mwenyeji apone. Mgeni hamponyi mwenyeji aliyelala. Wageni wameleta kipimo cha kweli. Zamani kijana wa Rwanda alijipima kwa jirani yake wa Musanze au Huye, na sasa anajipima kwa dunia nzima bila kupanda ndege. Faida hiyo ni kubwa kuliko ushindi wa kupewa. Lakini kipimo peke yake hakimnenepeshi mtu. Fedha zinazotumika kwa siku nane za sherehe zisipofuatwa na fedha za miezi kumi na moja ya kazi, yaani vilabu vya wilaya, mashindano ya shule, baiskeli za kujifunzia, mafundi na walimu, basi nchi itaendelea kuwa ukumbi mzuri wa ngoma ya watu wengine.

Jambo hili linazihusu nchi nyingine za Afrika Mashariki pia. Mwaka 2023 Kenya, Tanzania na Uganda zilikabidhiwa kwa pamoja jukumu la kuandaa mashindano ya Kombe la Mataifa ya Afrika ya mwaka 2027. Viwanja hujengwa na hoteli hupakwa rangi, na hayo ni mambo ya lazima. Lakini chombo hakiendi ila kwa nyenzo, na nyenzo ya mchezo wowote ni yule mtoto anayecheza leo katika vumbi la kijiji, bila ya mwalimu na bila ya viatu.

Katika vilima vya Rwanda, msafara unapokwisha kupita na polisi wakafungua barabara, aghalabu huonekana mtoto akitokea nyuma na baiskeli kubwa kuliko kimo chake, mguu mmoja umepitishwa katikati ya fremu, akikanyaga kwa nguvu zake zote kuwafuata waliokwisha kutoweka. Kumpa mtoto huyo njia ya kuwafikia ndiyo kazi iliyobaki.