Kabla Hujamwita Mtoto Mzembe
Hotuba kwa wazazi wa Kangemi na Kawangware



Nilipokuwa darasa la tano, saa saba tulikimbia nyumbani kula. Rafiki yangu mmoja hakuwa na haja ya kukimbia. Alikunywa maji ya mfereji, akasubiri kengele. Mchana alisinzia darasani, nasi tukamcheka. Ripoti yake ilisema ni mzembe. Leo najua alikuwa na njaa.

Mtoto akiwa nyuma katika masomo, wengi wetu hutafuta tuisheni kwanza. Naomba tuanze na mambo mengine.

La kwanza ni tumbo. Tangu mwaka 2023, mpango wa Dishi na County, unaoendeshwa na Kaunti pamoja na shirika la Food4Education, unapeleka chakula cha mchana katika shule za umma za msingi na chekechea. Mzazi hulipa shilingi 5 kwa sahani, yaani 25 kwa wiki. Unatuma kwa M-Pesa, mtoto anagusisha bangili yake na kupewa chakula. Bangili ikipotea au salio likiisha, mwambie mwalimu mapema. Usimwache mtoto aone haya kwenye foleni.

Najua wengi hapa wana watoto katika shule za mitaani zisizo za umma, na mpango huu hauwafikii. Hilo ni pengo, na sitalifunika kwa maneno matamu. Leteni suala hili kwenye vikao vya maoni ya bajeti. Kifungu cha 53 cha Katiba kinampa kila mtoto haki ya lishe, bila kuuliza anasoma wapi.

La pili ni afya. Anayenakili kwa jirani yake huenda haoni ubao. Anayeitwa mara tatu huenda hasikii vizuri. Mpeleke kituo cha afya cha Kangemi au Riruta, aangaliwe macho na masikio. Kwa walio chini ya miaka 5, wiki za Malezi Bora, Mei na Novemba, huwa na matone ya vitamini A, na dawa ya minyoo kwa waliotimiza mwaka mmoja.

La tatu ndilo somo lenyewe. Muulize mwalimu: amekwama wapi hasa, kusoma au kuhesabu? Mtoto anayeshindwa kusoma hatasaidiwa na mtihani mwingine wa kulipia. Anahitaji kurudishwa pale alipoachwa. Na likizo ni ya kupumzika: Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 inakataza tuisheni wakati huo.

Walimu wa chekechea za umma na zahanati ziko chini ya Kaunti. Walimu wa msingi wako chini ya TSC. Lakini mtoto ni mmoja.

Jioni hii, kabla ya kufungua daftari lake, muulize: umekula nini leo?