Jaribu Mrija Kabla ya Kulipa

Bendi za matarumbeta zimekuwa sehemu ya sharika za Kilutheri hapa kaskazini mwa Tanzania kwa miaka mingi, na tromboni ni mojawapo ya ala zinazozibebea sauti nzito. Kama mwanao anajifunza, na mmepata tromboni iliyotumika, sikiliza kwanza.

Jaribu mrija wa kuvuta. Huo ndio moyo wa tromboni. Lifungue komeo lake, usimamishe wima, mkono mmoja ukiwa chini kuudaka. Ulegeze taratibu. Ushuke wenyewe, laini, bila kukwama. Ukikwaruza, huenda umepinda au umebonyea. Hiyo ni kazi ya fundi wa ala, na fundi huyo hapatikani kila mji. Iache.

Sasa utoe mrija. Ziba tundu moja kwa kidole gumba, puliza kwenye lingine. Hewa isivuje, hata kwenye kifungo cha kutolea mate.

Kubonyea kidogo kwenye mdomo mpana wa mbele kusikutishe. Sauti haitaharibika sana. Mrija ndio wa kuogopa.

Hakikisha kipulizio kipo, kinaingia vizuri na kinatoka kwa mkono. Mpe mtoto avute mrija hadi mwisho. Mkono usipofika, asubiri akue.

Mwalimu wa bendi akusindikize. Mkifika nyumbani, futeni vumbi kabla ya kupiga, mpake mafuta ya mrija wa tromboni. Ya kupikia hapana. Ya pikipiki hapana.

Na tena: jaribu mrija kabla ya kulipa.