Ada Hulipa Mzazi, Deni Hubeba Binti



Mwezi wa Januari, kama mjuavyo, Kariakoo hubadilika sura. Watu waliokuwa wakigombania nguo za sikukuu wiki chache nyuma sasa wanapita duka hadi duka, Mtaa wa Kongo na Mtaa wa Mkunguni, wakiulizia sare, godoro la futi mbili na nusu, tranka la bati, ndoo yenye mfuniko, shuka mbili nyeupe na rimu ya karatasi. Kila mmoja ana karatasi mkononi na anaisoma kwa kidole. Hiyo ndiyo fomu ya kujiunga, na mistari yake ya mwisho, penye akaunti ya benki na kiasi cha ada, husomwa mara tatu.

Juma lililopita nilikaa kwenye benchi la mama mmoja muuza vitenge, jirani yangu wa siku nyingi. Binti yake amemaliza darasa la saba na amefaulu. Serikali imempangia sekondari ya kutwa ambayo anaweza kuifikia kwa miguu. Wakati huohuo amefaulu usaili wa shule ya masista, ya bweni, ya wasichana watupu, iliyo mbali na Dar es Salaam. Ada ni milioni tatu na laki sita kwa mwaka, kwa awamu nne. Hapo hujahesabu nauli wala vitu vya kwenye ile karatasi.

Mumewe ni fundi cherehani, naye hataki. Anasema, "Serikali imefuta ada tangu Januari 2016 mpaka kidato cha nne, na mwaka 2022 ikafuta hata kidato cha tano na cha sita. Mimi nikanunue kitu ambacho jirani anapewa bure?" Mkewe humjibu, "Baba watoto, wewe unaangalia ada, mimi naangalia njia." Anamaanisha njia ya kutoka nyumbani kwenda shule na kurudi: makonda wanaowasukuma wanafunzi mlangoni, vijana wa bodaboda wenye maneno matamu, na saa zile za jioni ambapo mama yuko dukani na baba yuko kwenye cherehani.

Ndugu wasikilizaji, katika ubishi huu hakuna mjinga. Kila mmoja ana haki yake, na ndiyo maana ubishi haumaliziki.

Tuanze na mama. Ni nini hasa anachokinunua kwa masista? Wengi husema nidhamu. Mimi nadhani ni kitu cha kawaida zaidi, nacho ni nafasi na muda. Nyumba zetu za Kariakoo, Gerezani na Jangwani mnazijua. Vyumba sita, familia sita, uwa mmoja. Redio ya huyu inashindana na runinga ya yule. Binti akirudi shule kuna maji ya kuchota, mdogo wake wa kuogesha, na duka la kushikia zamu mama akienda msibani. Mvua kubwa ikinyesha, Bonde la Msimbazi linafurika, Barabara ya Morogoro inafungwa pale Jangwani, na siku ya masomo imekwenda na maji. Kule bweni kengele inalia, mezani kuna taa, mwalimu anaishi hatua chache kutoka darasani. Hakuna muujiza hapo. Mtoto anapewa saa mbili za kimya kila jioni kwa miaka minne, na saa hizo zikijumlishwa huwa nyingi sana.

Sasa tumsikilize baba. Anauliza kwa nini kitu hicho kiwe na bei kubwa namna hii. Jibu lake limo katika historia yetu wenyewe. Masista wa Maryknoll walifungua Marian College, Morogoro, mwishoni mwa miaka ya 1950. Hapa mjini, karibu na bahari, ilikuwapo St. Joseph's Convent. Kwa Sheria ya Elimu ya mwaka 1969 serikali ilizichukua shule za namna hiyo, ili mtoto asibaguliwe kwa dini yake, rangi yake wala mfuko wa baba yake. Marian College ikawa Kilakala, na St. Joseph's ikawa Forodhani. Nia ilikuwa njema, na mabinti wengi wa wakulima walisoma humo bila baba zao kuuza ng'ombe.

Baadaye hali ya uchumi ilikuwa ngumu, nafasi za sekondari zikawa haba, na makanisa yakarudi kujenga upya. Mwaka 1989 Padri Damian Milliken, Mbenediktini kutoka Marekani, alianzisha shule ya wasichana ya Mazinde Juu huko Lushoto, akiwafikiria mabinti wa milimani ambao sekondari ilikuwa haiwafikii. Kisha ikaja Marian Girls ya Bagamoyo, na nyingine zikafuata. Tofauti kubwa ilikuwa moja. Mshahara wa mwalimu wa shule ya serikali hutoka Hazina, yaani kwenye kodi yangu na yako. Mshahara wa mwalimu wa shule ya masista hutoka kwa mzazi, pamoja na unga, maharage, umeme na dawa ya malaria. Kwa hiyo ile ya bure si ya bure, na ile ya ghali haina siri. Mzazi anayepeleka mtoto kwa masista analipia elimu mara mbili, ya kwanza kwa kodi na ya pili kwa risiti ya benki.

Lakini hesabu peke yake haiponyi donge la moyoni. Mzazi mmoja Mkatoliki aliniambia, "Kila Jumapili natoa sadaka. Nimetoa zaka, nimechangia saruji na mabati. Leo mwanangu anafaulu usaili, naambiwa lete milioni, kama mtu wa kuja." Ataambiwa kwamba sadaka hujenga jengo mara moja, bali mwalimu hula kila mwezi. Jibu hilo ni la kweli, ila halimfariji mtu aliyebeba mchanga kwa mikono yake, kisha akaona mlango anaingia mwenzake mwenye gari.

Naye mzazi Mwislamu, ambaye ni mwenyeji hasa wa Kariakoo, ana lake. Anawaamini masista kwa malezi, na husema hivyo waziwazi. Lakini amezoea kumsikia binti yake akisoma Kurani jioni, na anajiuliza ni nani atakayemsikiliza kule. Ataswali wapi? Mwezi wa Ramadhani daku atapata wapi? Maswali haya hayana chuki ndani yake. Ni ya baba anayempenda mtoto wake, na yafaa yaulizwe ofisini kabla ya kulipa, si barazani baada ya kulipa.

Ndugu wasikilizaji, mpaka hapa nimesema ya wazazi. Yupo mtu mmoja ambaye katika mazungumzo yote haya hajaulizwa neno, na ndiye atakayelala kwenye godoro lile la futi mbili na nusu.

Hapa sina budi kujisema mwenyewe. Mimi pia nilimpeleka binti yangu kwa masista, kwa mshahara wa mtangazaji na mikopo miwili. Muhula wa kwanza ripoti ikaja, hesabu amepata C. Nikamwita sebuleni nikamuuliza, "Unajua hii C imenigharimu shilingi ngapi?" Nilidhani namtia moyo. Hakujibu, akainamisha kichwa.

Likizo ya katikati ya mwaka mama yake aligundua kwamba anatafuna upande mmoja tu. Jino lilikuwa limeoza. Muhula mzima alikuwa akilala na maumivu, anabana kanga shavuni, wala hakumwambia sista wala matroni. Tulipomuuliza sababu alisema, "Ukipelekwa hospitali wanaandika kwenye akaunti ya baba." Shule haikuwa na kosa, wangejua wangempeleka siku hiyohiyo. Deni nililomtwika mimi ndilo lililomfunga mdomo.

Tangu siku ile nimekuwa nikiwasikiliza wazazi wenzangu, na nasikia maneno yaleyale. Huyu anamwambia binti kila alama aliyoikosa ni jora la kitambaa. Yule anamwambia tumeuza kiwanja kwa ajili yako. Mwingine anasema kaka zako wanasoma kutwa ili wewe usome bweni. Pengine yote ni kweli. Lakini mtoto wa miaka kumi na minne hawezi kulipa deni la milioni. Anachoweza ni kulibeba tu, naye hulibeba kwa kuficha ripoti, kwa kuficha ugonjwa, au kwa kuogopa mtihani hata ule anaouweza.

Na sisi tumezidisha mzigo kwa kupenda ligi. Kwa miaka mingi matokeo yakitoka tulikimbilia gazeti kutafuta shule kumi bora. Mwaka 2017 kidato cha nne iliongoza St. Francis Girls ya Mbeya, shule ya Kanisa, na wazazi tukatembea vifua mbele kana kwamba tumefunga goli. Januari 2023 Baraza la Mitihani liliacha kutangaza orodha ile. Gazetini imetoka, vichwani mwetu bado imo. Zipo shule binafsi ambazo, kwa ajili ya sifa hiyo, mtoto asipofikisha wastani wao hukaririshwa au huambiwa atafute pengine, ingawa wizara imekwisha kulikemea jambo hilo.

Basi kabla hujakwenda benki, ndugu mzazi, kaa na mwenzio mmalize ubishi. Hesabuni miaka minne, msihesabu awamu moja. Soko Kuu la Kariakoo liliungua usiku wa tarehe 10 Julai 2021, na wafanyabiashara walioamka na mali wakalala bila kitu. Biashara ikiyumba kidato cha tatu mtafanyaje? Iulizeni shule mtoto akishuka wastani itakuwaje, akiugua itakuwaje, na wa dini nyingine anaabudu vipi. Shule nzuri haikasirishwi na maswali. Mkiisha kulipa, hesabuni kwamba mmetoa, kama mlivyotoa maziwa na chanjo. Msimdai.

Na kama uwezo haupo, hujamtupa mtoto. Sekondari ya wasichana ya Jangwani ipo palepale, Azania ya wavulana jirani yake, na wengi wanaotutibu na kutuhukumu leo wamepita shule za serikali kama hizo. Mtafutie binti meza, taa na saa mbili ambazo hatumwi dukani. Nenda kwenye mkutano wa wazazi hata kama hakuna ada ya kulalamikia. Tumezoea kudai haki pale tu tulipotoa fedha mkononi, na kodi tunaisahau kwamba nayo ni fedha.

Nimalizie pale benchini. Yule mama aliniuliza, "Kaka, ungekuwa wewe ungefanyaje?" Nikamwambia kwanza ningemuuliza mwenyewe. Akacheka, maana binti alikuwa nyuma yetu anakunja vitenge, amesikia kila kitu. Mama akageuka akamuuliza, "Haya, wewe unataka wapi?"

Binti aliweka kitenge juu ya fungu, akakinyoosha kwa kiganja, akasema, "Nitakwenda popote mtakaponipeleka, mama. Ila baba na wewe msigombane tena usiku."

Mama hakucheka tena. Usiku ule, aliniambia kesho yake, yeye na mumewe walizima redio, wakamwita binti, wakakaa watatu. Waliamua nini sikumuuliza. Hilo ni lao.