MKUBWA NA MDOGO DARASA MOJA
Maneno tuliyowaambia vijana wa chuo cha ualimu



Tumeitwa tuseme habari za darasa la kwanza, nasi twataka kumsemea mtoto mmoja aliyemo humo: yule mkubwa, wa miaka 12, aketiye na watoto wa miaka saba, magoti yake yakigonga dawati.

Hakujitakia. Alikuwa akichunga ng'ombe, au akilea wadogo zake, au ada ilimshinda baba yake. Ada ya shule za msingi ilipofutwa Tanzania Bara mwaka 2001, na Kenya mwaka 2003, watoto wa kila umri walijazana madarasani. Huko Eldoret mwaka 2004 aliingia hata Mzee Kimani Maruge, miaka 84, amevaa sare, na mwaka uliofuata akapelekwa New York kuisemea elimu. Twamsifu mzee yule. Lakini mzee akichekwa na watoto hucheka nao, kijana hutoroka.

Wazee wa pwani walikuwa na njia yao. Katika chuo cha Kurani huyu yuko kwenye alifu, yule kwenye Yasini, mwenzao karibu ahitimu, na wote jamvi moja. Mwalimu husikiliza mmoja mmoja, na mkubwa humsomesha mdogo. Haulizwi mtu umri, huulizwa amefika wapi. (Bakora ya chuoni hatuitaki, ibaki huko huko.)

Basi wapangeni kwa walipofika. Mkubwa aliyeuza maandazi na kurudisha chenji, ya nini kumhesabisha vijiti? Mpeni hesabu za mbele. Kusoma huenda yuko nyuma ya wadogo. Huko msikilizeni peke yake, msimsimamishe mbele ya darasa.

Na hapa tusikizane sana. Mkubwa akimfundisha mdogo silabi, naye huzishika zaidi, hiyo ni faida ya wote wawili. Lakini kumfanya yaya ni wizi. Wasichana wakubwa ndio waibiwao: huchota maji ya mwalimu, hufuta kamasi za wadogo, hufagia, na kipindi kimekwisha. Robo saa ya kumsikiliza mdogo yatosha, kisha ni zamu yake naye afundishwe.

Mtakapokwenda kwenye mazoezi ya kufundisha, wekeni madaftari mawili: moja la mahudhurio, la pili la kila mtoto amefika wapi. Na yule mkubwa mwulizeni kwanza apenda kuitwa nani, maana huenda wenzake wamekwisha kumwita "babu".