Ardhi ya Wote, Nyumba ya Mwenyewe
(Hotuba ya kamati ya nyumba mbele ya wanachama)



 Leo hatusemi habari za mshahara. Twasema habari za mahali mshahara unapokwenda, yaani kodi ya nyumba. Tukidai nyongeza tukaipata, mwenye nyumba husikia kabla ya watoto wetu, na mwezi ujao kodi imepanda.

Sasa tuna akiba ya kununulia kiwanja. Wengine wasema kikatwe ploti, kila mtu apewe hati yake, basi. Sisi wa kamati twaomba msikilize kwanza habari za Voi.

Huko kuna mtaa uitwao Tanzania-Bondeni. Watu walijenga humo bila hati, juu ya ardhi ambayo sehemu yake ilikuwa ya Serikali, sehemu ya Shirika la Reli, na sehemu ya shamba la mkonge. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 Serikali, ikisaidiwa na Wajerumani, ilitaka kuutengeneza mtaa huo. Wenyeji wakaulizwa: mwataka kila mtu hati yake, au ushirika, au ardhi ya amana? Wakachagua amana. Walijua desturi ya mijini: maji na barabara vikifika, tajiri huja na pesa mkononi, maskini huuza kwa shida ya karo au hospitali, kisha huenda kujenga kibanda kingine mbele zaidi.

Amana ni hivi. Ardhi ni ya wenyeji wote pamoja, chini ya wadhamini, wala haiuzwi. Nyumba ni yako. Wakaa kwa mkataba wa miaka mingi, na watoto wako wakurithi. Ukihama wauza kuta, mabati na milango, na chama ndicho cha kwanza kuulizwa kama chanunua. Tuseme umejenga kwa shilingi 300,000, kisha lami ikapita mlangoni. Utalipwa jasho lako. Bei iliyoongezwa na lami hubaki mtaani, ili mwenzako anayekuja naye aweze kuingia.

Hatutawaficha taabu yake. Sheria ya Kenya wakati ule haikukijua chama cha namna hiyo. Ikabidi kuunganisha sheria ya vyama na sheria ya wadhamini, na makaratasi yakakawia miaka. Wenyeji wengine walichoka, wakatamani hati zao binafsi. Tena benki haipendi kumkopesha mtu asiye na hati ya kuweka rehani. Mwanachama akisimama hapa kusema hivyo, hasemi upuuzi.

Lakini rehani nayo ina meno. Katika Georgia, Marekani, mwaka 1969, watu weusi, pamoja na Bwana Charles Sherrod, walianzisha New Communities, ardhi ya amana ya kwanza katika nchi ile, ekari zipatazo 5,700. Wenzao wengi walikuwa wamefukuzwa mashambani kwa sababu ya kudai kura. Ukame ukaja, ofisi ya serikali ya mikopo ikawabagua kwa rangi yao, na mwaka 1985 deni likala shamba lote. Mwaka 2009 walishinda madai yao, wakapewa dola zipatazo milioni 12, wakanunua shamba jingine mwaka 2011. Shamba la wote likiwekwa rehani, hupotea la wote kwa siku moja.

Kwa hiyo kamati yataka kiwanja chetu kishikwe na wadhamini tutakaowachagua, na kisiwekwe rehani kamwe. Mikopo ya kujenga itoke katika ushirika wetu wa akiba, na dhamana iwe mshahara na wadhamini wa mkopaji. Itakuwa mikopo midogo, na nyumba zitakwenda polepole, chumba kwa chumba.

Mmetuuliza: je, mwanachama akifukuzwa kazi? Sisi twaona nyumba ibaki yake. Waliokaa landhi wajua: kazi ikiisha, asubuhi vyombo viko nje.

Neno moja kamati haijapatana. Mtu akijenga vyumba sita, akakaa kimoja na kupangisha vitano, tumwachie? Wengine wetu wasema ni halali yake, wengine wasema tutakuwa tumezaa mwenye nyumba mwingine. Makatibu wa matawi walijadili na wanachama, na majibu yaje kwa maandishi kabla ya mkutano mkuu.